Saa, Dodoso, Tafakuri au Kurudi Kijijini: Njia Ipi Ipime Kazi za Wanachuo katika Jamii?

Tuchukue mfano wa chuo cha afya chenye wanachuo 60 wa mwaka wa pili, ambao kila mwaka hupelekwa katika vijiji vitatu kwa muda wa wiki nne. Kazi yao ni kupita kaya kwa kaya pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kuhimiza ujenzi wa vyoo bora na unawaji wa mikono, na kuwasaidia wenye kaya kutengeneza vibuyu chirizi, yaani vile vidumu vya maji vinavyoning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Mfano huu nimeutunga ili tuwe na kitu kimoja cha kukipima kwa njia mbalimbali, lakini yeyote aliyewahi kuratibu mafunzo kwa vitendo atautambua. Wiki nne zikiisha wanachuo hurudi, gari la chuo huegeshwa, na mratibu hubaki na swali ambalo mkuu wa idara, mfadhili na mkaguzi wa ubora wote watamwuliza kwa zamu: kazi ile imezaa nini?

Ndani ya swali hilo moja mna maswali mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoharibu tathmini nyingi nilizowahi kuzisoma. La kwanza ni mwanachuo amebadilika vipi: amejifunza nini, anaitazama jamii kwa jicho gani, anaweza kufanya nini ambacho mwezi uliopita hakukiweza. La pili ni kijiji kimebadilika vipi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, walipotunga mwongozo wa kutathmini masomo yanayofungamanishwa na huduma kwa jamii, walipendekeza pande nne ziangaliwe: wanafunzi, walimu, jamii na chuo chenyewe. Hata hivyo, tafiti zimeelemea upande wa kwanza. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011 ulikusanya tafiti 62 zilizohusu wanafunzi 11,837, ukaona manufaa katika mambo matano: mtazamo wa mwanafunzi juu ya nafsi yake, mtazamo wake juu ya shule na masomo, ushiriki wake katika mambo ya kijamii, stadi zake za kuhusiana na watu, na ufaulu wake darasani. Ni matokeo ya kutia moyo, na yote matano ni ya mwanafunzi. Wenyeji waliompokea, wakamwonesha njia na kumvumilia, hawamo.

Njia nne zifuatazo ndizo ambazo chuo cha kawaida kinaweza kuzimudu. Nitazilinganisha kwa kuzipitisha zote kwenye mfano wetu wa vibuyu chirizi, kisha nitasema wazi ningechagua zipi.

Kuhesabu saa na kazi

Njia nyepesi kuliko zote ni kitabu cha kumbukumbu. Mwanachuo huandika tarehe, kazi aliyoifanya na saa alizotumia, mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi wa zahanati hutia saini na kugonga muhuri, na mwisho chuo hujumlisha. Zipo nchi zilizojenga mipango mizima juu ya hesabu hii. Mpango wa kitaifa wa huduma kwa wanavyuo wa India, ulioanzishwa mwaka 1969, humtaka anayejiunga nao atumikie saa 240 katika miaka miwili. Nchini Mexico, huduma ya jamii ya saa zisizopungua 480 ni sharti la kuhitimu shahada ya kwanza. Faida za saa ni dhahiri. Hazihitaji mtaalamu, gharama yake ni ndogo, zinalinganishika kati ya mwanachuo na mwanachuo, na zinamlinda kijana pale mtu anapodai kwamba hakufika kazini.

Tatizo ni kwamba saa hueleza kilichotumika na zikaishia hapo. Idadi ya kazi nayo haiendi mbali zaidi: kama kila mwanachuo amesaidia kutengeneza vibuyu vitano, ripoti itasema vibuyu 300, na takwimu hiyo itapendeza kwenye bango la maonesho ya chuo, ila haitasema ni vingapi bado vina maji. Mwaka mmoja nilipokea vitabu vya kundi zima ambavyo saini zake za wiki nne zilikuwa za wino mmoja na mkono usiobadilika hata kidogo, kwa sababu mtendaji aliombwa azitie zote asubuhi ya kuondoka. Sikuona sababu ya kumlaumu. Mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja, mwenye migogoro ya mashamba na michango ya shule mikononi, hawezi kufuata nyayo za vijana 20 kila siku, na sisi tulimpa kazi hiyo bila kumwuliza kama anaiweza.

Barua ya msimamizi ni ndugu wa kitabu hiki, na Tanzania ina historia nayo. Kufuatia Azimio la Musoma la mwaka 1974, waliomaliza kidato cha sita hawakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Walitakiwa kwanza wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi, kisha waje na mapendekezo mazuri ya mwajiri. Nia yenyewe naiheshimu, kwamba mchango wa mtu kazini uwe na uzito katika elimu yake kama ulivyo mtihani. Ugumu wa barua ya namna hiyo ni kwamba mwandishi wake ana sababu nyingi za kusifu na chache za kusema ukweli mchungu, hasa akijua kwamba maisha ya kijana yanategemea mistari miwili atakayoiandika. Kwa hiyo kitabu na barua vibaki na kazi ya daftari la mahudhurio, ambayo ni kazi ya lazima, na visiingizwe kamwe kwenye sura ya ripoti inayozungumzia matokeo.

Dodoso kabla na baada

Njia ya pili huvutia vyuo vingi kwa sababu huzaa namba. Mwanachuo hupewa sentensi kama 20, kwa mfano “Naelewa matatizo ya watu wa vijijini” au “Ninaweza kuongoza kikao cha watu wazima,” akachagua kati ya 1 na 5 kabla ya kwenda, kisha akachagua tena akirudi. Wastani ukipanda, chuo husema mpango umefaulu. Mahali penye watu wengi, njia hii ina nguvu ambayo hakuna nyingine inayoifikia. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2000 na Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles ulifuatilia wanafunzi 22,236 wa vyuo vya Marekani, na kwa wingi huo watafiti waliweza kutenganisha mchango wa huduma yenyewe na ule wa kuifungamanisha huduma na somo. Wakaona pia kwamba jambo lenye uzito kuliko yote katika kuifanya huduma iwe na manufaa lilikuwa kiasi ambacho mwanafunzi alilipenda somo lenyewe. Swali la aina hiyo halijibiki kwa hadithi za watu kumi.

Lakini sisi tuna wanachuo 60, na hapo dodoso linaanza kuyumba. Mtu ambaye hajawahi kulala kijijini hujipa alama 4 kwenye sentensi ya kuelewa matatizo ya vijijini, kwa kuwa hajui ukubwa wa asichokijua. Akikaa wiki nne, akiona jinsi maji yanavyopangiwa foleni na jinsi fedha ya choo inavyoshindana na fedha ya mbegu, hujipa 3. Kwenye jedwali ameshuka, ilhali kwa kweli amejifunza kuliko mwenzake aliyebaki na 4 yake. Dawa ya jambo hili inajulikana na ni rahisi: mwishoni mwulize yote mawili kwa pamoja, anajipa alama gani leo, na kwa anavyoelewa leo angejipa alama gani siku ile kabla ya kuondoka. Dawa hiyo nayo ina ubaya wake, kwani humwonesha mhojiwa wazi kwamba anatarajiwa kupanda, na wengi hawapendi kumwangusha mwalimu wao.

Jambo la pili ni chanzo cha badiliko. Katika wiki hizo nne mwanachuo alisoma pia masomo mengine, alikua, aliishi na wenzake mbali na nyumbani. Chuo kinachowapeleka wanafunzi kwa zamu kina bahati hapa, kwa sababu kundi la zamu ya pili linaweza kujazishwa dodoso lile lile kwa tarehe zile zile kabla halijaondoka, likawa kundi linganishi bila mtu yeyote kunyimwa nafasi. Ili majibu ya kabla na ya baada yaoane bila kutaja majina, kila mmoja huandika alama yake ya siri, kama vile herufi mbili za mwanzo za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Ni jambo dogo, lakini nimeona madodoso yaliyojazwa kwa jasho yakikosa maana kwa sababu hakuna aliyelikumbuka mapema.

Kasoro inayonisumbua zaidi iko kwenye maneno yenyewe. Madodoso mengi yanayotumika vyuoni kwetu yamechukuliwa Marekani na kufasiriwa neno kwa neno, na yanauliza kama mtu aliwahi “kujitolea katika shirika” au kumwandikia barua mwakilishi wake. Mwanachuo aliyelelewa mahali ambapo kuteka maji ya msibani ni wajibu wa kila mtu, ambapo msaragambo wa kuchimba mtaro hauhesabiwi kuwa hisani, na ambapo mambo huamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, atajibu kwamba hajawahi kujitolea hata siku moja. Dodoso litamwandika kuwa mtu asiyejali jamii, naye ndiye aliyeiishi kuliko wote darasani. Akirudi kutoka kwenye mafunzo akiwa sasa amepewa fulana na jina la “mtu wa kujitolea,” alama yake itaruka juu, na chuo kitajisifu kwa kumfundisha alichokuja nacho kutoka kwao.

Kama bado mnalihitaji dodoso, na wapo wanaolihitaji kweli, basi punguzeni sentensi za kujisifu na muweke maswali yanayomtaka mtu aoneshe anachokijua. Badala ya “Naelewa vikwazo vya usafi wa mazingira,” mwambieni ataje sababu tatu zinazoweza kuifanya kaya yenye choo isikitumie. Ongezeni pia swali moja la kama alihisi kulazimishwa kwenda. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1999 ulionesha kwamba sharti la kutoa huduma linaweza kupunguza nia ya kujitolea baadaye, hasa kwa wale ambao kwa hiari yao wasingekwenda, na mpango wa lazima usiouliza swali hili unauficha upande mmoja wa athari zake.

Tafakuri yenye vigezo

Katika njia ya tatu mwanachuo huandika kila wiki kuhusu tukio moja: kilichotokea, kwa nini anadhani kilitokea hivyo, kimemfunza nini, na wiki ijayo atafanya nini tofauti. Maandishi hayo hayasomwi kwa hisia za msahihishaji, bali kwa jedwali la vigezo lililokubaliwa mapema. Jedwali linalotumika sana ni lile lililotolewa mwaka 2009 na jumuiya ya vyuo na vyuo vikuu vya Marekani kwa ajili ya kupima ushiriki wa kiraia, lenye vigezo sita na ngazi nne. Halifai kuchukuliwa lilivyo, ila wazo lake la kueleza kwa maneno tofauti iliyopo kati ya ngazi na ngazi ni zuri na linahamishika.

Nguvu ya njia hii huonekana ukiweka maandishi mawili pamoja. Mwanachuo mmoja anaandika: “Wanakijiji bado ni wagumu kuelewa umuhimu wa choo, na elimu zaidi inahitajika.” Mwingine, katika kijiji hicho hicho, anaandika kwamba mama mmoja alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonesha mashimo mawili yaliyobomoka, kwa kuwa udongo wa pale ni kichanga na kila masika kuta huanguka, na kwamba fedha ya kujengea matofali ndani ya shimo haipo; kisha anakiri kwamba kwa siku tatu alikuwa akimhubiria mtu aliyeshajua anachohubiriwa. Kwenye kitabu cha saa wawili hawa ni sawa. Kwenye dodoso huenda wa kwanza akamzidi wa pili. Kwenye tafakuri umbali kati yao hauhitaji darubini, na mwalimu anajua pia ni nani anayestahili msaada na wa aina gani. Zaidi ya hapo, kuandika kwenyewe kunafundisha, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kuzungushia namba.

Gharama yake ni muda wa walimu. Wanachuo 60 wakiandika mara nne ni maandishi 240. Kila moja likisomwa kwa dakika 10 ni dakika 2,400, yaani saa 40 za mtu mmoja, wiki nzima ya kazi. Ukitaka wasomaji wawili ili kuona kama alama zao zinakubaliana, zidisha kwa mbili. Chuo chenye walimu wachache kinaweza kusoma yote kwa ajili ya kurudisha maoni mafupi, kisha kikachagua sampuli ya wanachuo 15 kwa bahati nasibu na kuwapima kwa vigezo kwa ajili ya tathmini ya mpango. Tofauti hiyo ya kumpima mwanafunzi mmoja na kuutathmini mpango mzima izingatiwe sana. Katika vyuo vya afya vya Afrika Mashariki, kama vile Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 kikiwa na mafunzo ya ndani ya jamii katika mtaala, au Makerere iliyofuata njia hiyo mwaka 2003, kwenda kijijini ni sehemu ya masomo, na masomo hudai alama. Mara alama inapoingia, tafakuri hubadilika rangi: kijana hujifunza upesi kwamba msahihishaji hupenda kusoma kuhusu moyo uliobadilika, na moyo hubadilika katika kila ukurasa. Ndiyo maana naona alama zitolewe kwa uchambuzi wa tukio, na maneno juu ya hisia yasipewe alama yoyote.

Ipo dhuluma nyingine ambayo tumeizoea mno. Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanachuo aliyezungumza Kiswahili, au Kihehe, au Kisukuma kutwa nzima na wenyeji, jioni hutakiwa kutafakari kwa lugha ambayo hakuna mtu aliyeitumia katika tukio analolieleza. Nimesoma kurasa dhaifu za vijana ambao nilikuwa nimewasikia kwa masikio yangu wakilichambua jambo lile lile kwa ufasaha mkubwa kwenye kikao cha jioni. Ruhusuni tafakuri iandikwe kwa Kiswahili, au irekodiwe kwa sauti kwenye simu. Kinachopimwa hapa ni kuielewa jamii.

Kurudi kijijini

Njia tatu za kwanza zote zinaweza kukamilishwa bila mtu yeyote wa kijijini kuulizwa kitu. Ya nne huanzia kwake. Inaweza kuwa mahojiano ya kawaida na wenye kaya, majadiliano ya vikundi, au ile njia ya kukusanya hadithi za badiliko kubwa zaidi, ambayo Rick Davies aliibuni katikati ya miaka ya 1990 alipokuwa akifanya kazi na mradi wa maendeleo vijijini nchini Bangladesh. Katika njia hiyo watu huulizwa swali moja la wazi: tangu wakati fulani, badiliko gani kwako ni kubwa kuliko yote, na kwa nini? Hadithi zinazopatikana husomwa na kikundi, kikachagua iliyo na uzito zaidi na kuandika sababu za kuichagua, na sababu hizo ndizo zinazofichua watu wanathamini nini. Haihitaji dodoso wala takwimu, na huleta majibu ambayo mwandishi wa dodoso asingeyafikiria.

Turudi kwenye vibuyu vyetu. Miezi sita baada ya wanachuo kuondoka, watu wawili wanakwenda katika vijiji vitatu, wanatembelea kaya 20 kila kijiji, na kabla ya kuuliza chochote wanaangalia: kibuyu kipo? Kina maji? Pana sabuni au jivu? Ardhi ya chini yake ina unyevu wa leo? Macho hayo manne yatatoa habari ambazo kitabu cha saa, dodoso na tafakuri havikuweza kuzitoa kwa pamoja. Kisha wanauliza nani hukijaza na nani hukitumia, na pale ambapo hakipo, kilikwenda wapi. Huenda wakasikia kwamba kidumu kilichukuliwa kwenda kutekea maji kwa sababu nyumba ilikuwa na vidumu viwili tu. Jibu kama hilo linapaswa kubadili maandalizi ya mwaka ujao kabla ya kubadili ripoti ya mwaka huu.

Swali la chanzo linarudi hapa kwa nguvu zaidi. Kijiji hakiishi kwa kuwasubiri wanachuo: serikali imekuwa na kampeni zake za usafi, “Nyumba ni Choo” ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, kuna miradi ya mashirika, na kuna mtendaji anayetoza faini. Choo kilichojengwa mwezi wa tatu hakiwezi kuandikwa kwa jina la chuo kwa sababu tu wanachuo walipita mwezi wa kwanza. Kuuliza kaya ni kitu gani kiliwafanya waanze, na kutembelea kijiji cha jirani ambacho hakikupokea wanachuo, kunasaidia kukadiria mchango wa chuo, ingawa hakutoi uhakika wa maabara. Mimi naridhika na ripoti inayosema “tulichangia, na hivi ndivyo tunavyojua” kuliko ile inayodai ushindi wote.

Heshima ya mwenyeji nayo ina namna yake ya kuficha ukweli. Mgeni aliyetoka mbali hatoambiwa ubaya mbele ya uso wake, sembuse mwalimu wa vijana waliokula chakula cha nyumba hiyo. Kwa hiyo anayekwenda kuuliza asiwe aliyeongoza kundi, mtendaji asiwepo wakati wa majadiliano, wanawake wakae kikao chao, na swali lisiwe “Mliwapenda wanachuo wetu?” kwani jibu lake linajulikana kabla ya kuulizwa. Ulizeni hivi: wanachuo waliwagharimu nini? Mhudumu wa afya aliyeacha shamba lake wiki nne ili awaongoze ana hesabu yake, na kaya inayoulizwa maswali yale yale kila mwaka na kila kundi jipya ina yake. Mahojiano na mashirika ya kijamii ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalitoa malalamiko ambayo ungedhani yametoka Kilosa au Kitui: wanafunzi hukaa muda mfupi mno, kuwasimamia hula muda wa wafanyakazi, na ratiba hupangwa kufuata muhula wa chuo badala ya mahitaji ya wenyeji.

Ningechagua nini

Anayetakiwa kutoa alama kwa kila mwanachuo asihangaike na dodoso, kwa sababu dodoso halikuundwa kumpima mtu mmoja. Atumie tafakuri yenye vigezo, akiongeza kitabu cha kumbukumbu kama ushahidi wa mahudhurio. Chuo kikubwa chenye wanafunzi maelfu, kinachotaka kujua kama sera yake ya huduma kwa jamii inaleta tofauti kati ya vitivo na vitivo au kati ya miaka na miaka, kitahitaji dodoso, lakini lililotungwa upya kwa mazingira yetu na kujaribiwa kwa watu wachache kwanza. Anayetafuta fedha kwa mfadhili atabanwa atoe idadi, na hakuna ubaya kuzitoa mradi ziitwe kwa jina lake, yaani kazi zilizofanyika. Na yeyote anayetaka kuandika neno “athari” katika ripoti yake, kwa maoni yangu, hana ruhusa ya kuliandika mpaka awe amerudi kijijini.

Kati ya dodoso na tafakuri, kwa kundi la watu 60, nachagua tafakuri bila kusita. Wastani uliopanda kutoka 3.6 hadi 3.9 hauniambii nimfanyie nini mtu yeyote, lakini ukurasa unaosema “nilikuwa nikimhubiria mtu aliyeshajua” unaniambia niongeze somo la udongo na ujenzi wa mashimo kabla ya safari ijayo. Kati ya tafakuri na kurudi kijijini uchaguzi ni mgumu zaidi, kwa kuwa vinajibu maswali mawili tofauti, na kama fedha haitoshi kwa vyote kwa ukamilifu, ningepunguza vyote kuliko kuacha kimoja: vigezo vinne badala ya sita, maandishi mawili badala ya manne, kaya 10 badala ya 20.

Kwa chuo cha mfano wetu, siku mbili kwa kila kijiji ni siku sita za watu wawili. Siku hizo ziandikwe katika bajeti ile ile inayolipia mafuta ya gari la kuwapeleka wanachuo, kwa sababu zikiachiwa bajeti ya mwaka unaofuata zitakuwa za kwanza kukatwa. Tarehe ya kurudi itajwe kwenye mkutano wa kijiji siku wanachuo wanapotambulishwa, na waliokwenda kuangalia vibuyu wasiondoke kabla ya kuwaeleza wenyeji, kwenye mkutano kama huo, walichokikuta.